Ng'ambo ya Mwisho wa Reli

Kutoka kiwanja cha ndege cha Unguja hadi kile cha Kigoma ni masafa ya takriban kilomita 1,070 kwa mstari wa angani. Kutoka Dar es Salaam ni 1,080 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini yatosha kumchekesha Mzanzibari aliyezoea kuambiwa kwamba kila safari ya bara huanzia Dar es Salaam; kwa hesabu ya mwewe, kisiwa chake ki karibu zaidi na Ziwa Tanganyika. Ndege ya mapangaboi yenye kasi ya kilomita 600 kwa saa huweza kuyakata masafa hayo kwa muda usiotimia saa mbili. Ongeza kupaa, kuzunguka na kutua, ukapata saa mbili na dakika kadhaa. Hiyo ndiyo hesabu. Kila mwenye ramani na uzi aweza kuipata, na ni hesabu ya kweli.

Lakini Kigoma si Uha yote. Watu husema "Kigoma, mwisho wa reli", na msemo huo umekaa vinywani hata ukawa kama mpaka wa dunia. Nyuma ya mwisho huo ipo nchi nyingine nzima. Barabara huliacha ziwa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, ikapanda hadi nyanda za juu za Kasulu, penye baridi ya asubuhi na ukungu, kisha ikaendelea kaskazini hadi Kibondo. Kasulu iko kilomita 60 hivi kutoka Kigoma kwa mstari wa angani, na Kibondo iko mbele yake kwa kilomita 130 nyingine. Hiyo ndiyo Buha, kama wenyewe waiitavyo, au Uha, kama pwani ilivyoizoea: Heru, ambako uko mji wa Kasulu, Muhambwe, ambako uko Kibondo, na Buyungu, ambayo sasa ni wilaya ya Kakonko. Ndege za abiria zenye ratiba hazifiki huko. Anayetaka kupanda ndege hushuka kwanza Kigoma, na kabla ya lami kuwekwa, mteremko huo katika msimu wa masika uliweza kula siku nzima.

Hata mto wa nchi hiyo hauendi kwa mstari. Malagarasi huchimbuka katika milima ya mpakani mwa Burundi, si mbali na ziwa, kisha ukaligeuzia ziwa mgongo. Huenda kaskazini-mashariki, ukaizunguka Uha kwa upande wa mashariki, ukashuka kusini, ukageuka magharibi, na baada ya mwendo wa kilomita 475 hivi ndipo unapoingia katika ziwa lile lile, kusini mwa Ujiji. Mwenye kuyapima masafa ya nchi hii kwa uzi hana budi kuukumbuka mto huo.

Watu wa pwani tangu zamani hawakupima masafa kwa uzi. Walipima kwa pepo. Kutoka Unguja hadi Maskati ni kiasi cha kilomita 3,900, karibu mara nne ya masafa ya kwenda Ujiji. Hata hivyo, jahazi lililopata kusi njema liliweza kufika Uarabuni kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo, na kaskazi ikalirudisha. Baharia alilala, akala tende, akaimba. Upepo ulimfanyia kazi. Ndiyo maana Seyyid Said bin Sultan aliweza kuitawala miji hiyo miwili kwa pamoja, na alipofariki Oktoba 1856 alikuwa chomboni, akirejea Unguja kutoka Maskati. Bahari ilikuwa ukumbi wa nyumba yake.

Nchi kavu haina kusi wala kaskazi. Mwezi Juni 1857, miezi minane baada ya msiba huo, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani kwa miguu kwenda kulitafuta ziwa la bara. Walifika Ujiji katikati ya Februari 1858. Zilikuwa zimepita siku zaidi ya 230, wiki kadhaa kati ya hizo wakiwa wamekaa Kaze, karibu na Tabora ya leo. Ni kweli kwamba hao walikuwa wageni, wagonjwa, na wazito kwa mizigo. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kinyamwezi ilikwenda upesi zaidi. Lakini hata mfanyabiashara hodari alihesabu miezi. Basi katika miaka hiyo Maskati ilikuwa karibu na Ujiji ilikuwa mbali, na mtu wa Unguja aliyeijua vyema bandari ya Sur aliweza kufa bila kumwona mtu wa Heru.

Si kwamba pwani haikufika. Ujiji palikuwa na wapwani walioweka maskani tangu kabla ya Burton, na katika miaka ya 1870 kiongozi wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa mrima, aliyekuwa na nyumba, mitumbwi na jamaa pande zote za ziwa. Minazi na miembe ilipandwa, misikiti ikajengwa, na Kiswahili kikawa lugha ya soko. Lakini pwani hiyo ya pili ilikuwa ukanda mwembamba kando ya maji. Ukipanda mlima nyuma ya Ujiji, pwani ilikwisha, na utawala wa mwami ukaanza.

Huko masafa yalipimwa kwa kipimo cha tatu: hongo. Mwami wa Heru na watware wake waliitoza misafara kwa doti za nguo, na bila nguo njia haikuwapo. Wageni wameandika juu ya jambo hili kwa hasira nyingi, kana kwamba ni ujambazi. Ukilitazama kwa jicho la mwenye nchi, huu ulikuwa ushuru wa forodha, nao haukutofautiana sana na ule uliotozwa na Sultani wa Unguja bandarini kwake. Aliyelipa alipita salama. Tatizo la msafiri lilikuwa kutojua idadi ya milango.

Henry Morton Stanley alilijua hilo mwaka 1871. Aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, na kufikia vuli alikuwa amevuka Malagarasi na kuingia Uha akiwa na haraka, kwa sababu alisikia kwamba mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe yuko Ujiji. Alilipa mara ya kwanza, kiasi kilichomuuma. Alilipa tena. Kisha akaambiwa kwamba mbele yake wako wakubwa wengine kadhaa, kila mmoja na doti zake. Akapiga hesabu, akaona kwamba atafika Ujiji mikono mitupu. Ndipo alipomwajiri mtu aliyezijua njia za vichochoro, na msafara ukatoka kambini usiku wa manane, makundi madogo madogo, ukaiacha njia kuu na kukata porini. Katika mwendo huo wa kunyata, mwanamke mmoja wa msafara alishikwa na kiwewe, akaanza kupiga mayowe. Stanley mwenyewe anasimulia kwamba alimpiga kwa kiboko, na mwishowe akafungwa kitambaa kinywani ili watu wa vijiji wasisikie. Jina lake halikubaki katika kumbukumbu kama yalivyobaki majina ya hao mabwana wawili waliopeana mikono Ujiji siku chache baadaye. Hata siku yenyewe ya kupeana mikono ina shaka: Stanley aliandika tarehe 10 Novemba, lakini homa ilikuwa imemvurugia hesabu ya siku, na watafiti huirudisha nyuma kwa kiasi cha wiki mbili. Mtu aliyesifiwa kwa kuvuka bara alikuwa hajui leo ni siku gani.

Nguo iliyolipwa kwa hongo yafaa itazamwe kwa karibu. Ilikuwa ya aina kadhaa, na iliyotajwa zaidi iliitwa merikani: bafta nzito, isiyotiwa rangi, iliyoanza kuletwa Unguja na majahazi ya Salem, Massachusetts, katika nusu ya kwanza ya karne ile. Ilifumwa viwandani huko, ikavuka bahari mbili, ikafungwa mitumba Unguja, na kila mtumba ukabebwa kichwani au begani kwa uzito wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Jina la Marekani lilifika Uha kama kitambaa, miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa Uha kufikiria kwamba huko kuna mahali pa kwenda.

Reli iliyafupisha masafa ya mizigo kabla ya kuyafupisha masafa ya watu. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, na Februari 1914 reli ikafika Kigoma, baada ya kilomita 1,250 hivi. Njia ya miezi ikawa njia ya siku mbili. Meli ya Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikasafirishwa kwa bahari na kisha kwa reli hiyo hiyo, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha kwenye mlango wa Malagarasi ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba.

Reli hiyo haikupanda milima ya Uha. Ilipita kusini, kwenye chumvi ya Uvinza, ikateremka ziwani. Kasulu na Kibondo zilibaki juu zikiisikia. Serikali ya Kiingereza ilipoitazama nchi hiyo haikuona pamba wala buni ya kutosha kulipia barabara, iliona watu. Katika miaka ya 1930 wengi wao walihamishwa na kukusanywa katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na kodi ya kichwa iliwafuata huko huko. Fedha ya kodi haikupatikana Heru wala Muhambwe. Ilipatikana Tanga.

Hapa ndipo pwani na Uha zilipokutana kweli, na ni mkutano ambao pwani haijausimulia sana. Mkonge ulihitaji mikono. Wenyeji wa Tanga na Pangani hawakuipenda kazi ile, na walikuwa na mashamba yao. Basi wenye mashamba ya mkonge wakaenda kuitafuta mikono mbali, na mwaka 1944 wakaunda idara yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa kifupi cha SILABU. Mawakala wake walipiga kambi Uha. Kijana wa Kasulu au Kibondo alipimwa na daktari, akaandikwa, akapewa namba. Kutokana na namba hiyo likatokea neno ambalo kila mpwani analijua: manamba.

Safari yake yafaa ihesabiwe kama tulivyozihesabu nyingine. Kutoka Kibondo hadi Tanga kwa mstari wa angani ni karibu kilomita 950. Kijana hakwenda kwa mstari huo. Alishuka kwa miguu au kwa lori hadi kwenye reli, akapakiwa katika behewa, akapita Tabora na Dodoma, akalala katika kambi za njiani. Na kwa kuwa reli ya kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa hadi 1963, alishushwa tena, akapandishwa lori jingine la kuelekea Korogwe. Alifika baada ya siku nyingi, mahali penye joto asilolijua na lugha aliyoijua nusu. Akapewa kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, ambayo haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka kila siku ipigwe alama. Masafa ya kurudi Uha yakawa yanapimwa kwa vipande. Wapo waliorudi na baiskeli, shuka na cherehani. Wapo waliooa huko huko, wakawa Waswahili, na wajukuu wao leo hawajui hata jina la kijiji. Wapo waliozikwa mashambani.

Pwani iliwaita manamba kwa dharau, na dharau hiyo ina jiografia yake. Msomaji wa Unguja anaifahamu vyema, kwa kuwa mjini kwake mwenyewe kulikuwa na mkono mdogo wa bahari uliozitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Upana wake ulikuwa wa hatua za kuhesabika, nao ulifukiwa zamani, lakini neno ng'ambo halikufukiwa. Yaelekea masafa marefu kuliko yote ni yale yanayopimwa na mtu aliyeketi barazani akimtazama anayepita. Kamba za mkonge zilizofunga majahazi na mizigo ya bandari zote za mwambao zilitoka mikononi mwa Waha, na katika maelfu ya beti zilizotungwa kuisifu bandari, mtu wa Uha ni nadra kuonekana isipokuwa kama kichekesho.

Uhuru ulifunga idara ile ya kuajiri, na bei ya mkonge ikaanguka. Uha ikapata jina jipya kutoka upande wa pili, upande wa Burundi.

Kibondo iko kilomita 160 hivi kutoka kiwanja cha ndege cha Bujumbura, na Kasulu vivyo hivyo, nyongeza ikiwa ndogo. Dar es Salaam iko kilomita 1,000. Lugha inasema jambo hilo hilo: Kiha na Kirundi husikilizana kiasi kwamba mama wa Heru na mama wa Makamba hawahitaji mkalimani sokoni. Ndoa, ng'ombe na mbegu za maharage zilivuka huko na huku kabla ya mpaka kuchorwa, na hazikukoma ulipochorwa. Kwa hiyo mwaka 1972, mauaji yalipofanyika Burundi, watu walivuka kwa miguu. Wengi walipelekwa mbali na mpaka, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine walinyamaza vijijini Uha, wakalima na kuozana. Walivuka tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Kambi zikajengwa: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa upande wa Kibondo; Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, hii ya mwisho ikiwa ya Wakongo waliovuka ziwa kuanzia 1996.

Mwishoni mwa 1997 wanajeshi walipita vijijini mpakani, wakawakusanya Warundi waliokuwa wakiishi kati ya Waha, baadhi yao kwa miaka 25, na kuwapeleka kambini. Waliacha mihogo shambani na, mara nyingine, waliacha mke au mume wa Kitanzania mlangoni. Na kambini walikuta kipimo cha nne cha masafa, kilicho kifupi kuliko vyote: kilomita 4. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa mkimbizi kutembea bila kibali. Mtu aliyevuka milima usiku na mtoto mgongoni alikatazwa kufika soko lililokuwa saa mbili kwa mguu.

Ukisimama Nduta jioni, mbingu za Burundi ziko pale. Mvua ya kwao huonekana kabla haijafika. Hakuna ramani iwezayo kueleza umbali wa mahali panapoonekana na pasipoendeka.

Kuanzia 2007 njia nyingine ilifunguka, na ilikuwa ya juu. Marekani ilikubali kuwapokea maelfu ya wale walioitwa "Warundi wa 1972", ambao wengi wao walikuwa wamekimbia mara mbili au tatu, Rwanda na Kongo, kabla ya kutua katika kambi za Kibondo na Kasulu. Baada yao, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 2010, wakafuata Wakongo wa Nyarugusu. Walihojiwa, wakahojiwa tena, wakapimwa vifua, wakapewa namba ya faili. Siku ya safari kila familia ilikabidhiwa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, shirika la uhamiaji, na ndani yake zimo hati zote. Waliambiwa wasiuachie mkononi mpaka waufikishe.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mji mmojawapo uliowapokea ni Louisville, katika jimbo la Kentucky. Kutoka kiwanja cha Kigoma hadi kiwanja cha Louisville ni takriban kilomita 12,550, kwa ile njia fupi kabisa ambayo juu ya ramani bapa huonekana imepinda: hupanda juu ya misitu ya Kongo, ikaikata Sahara kwa mshazari, ikavuka Atlantiki. Ndege kubwa ya kilomita 900 kwa saa ingeyamaliza masafa hayo kwa saa 14. Lakini hakuna ndege iendayo hivyo. Msafiri hubadilisha ndege mara tatu au nne, hukaa katika kumbi za viwanja asivyovijua majina, na safari ya saa 14 hupita siku nzima na zaidi. Mama aliyezaliwa Muhambwe au Makamba, ambaye kupanda kwake juu kabisa kulikuwa kupanda lori, aliona mawingu kwa chini. Alishuka katika nchi iliyomfikia babu yake kama kitambaa.

Nauli haikuwa zawadi. Mkimbizi anayekwenda Marekani kwa mpango huo hutia saini mkopo wa tiketi, usio na riba, na miezi michache baada ya kufika huanza kuulipa kidogo kidogo, kwa kila mtu mzima na kila mtoto aliyesafiri naye. Familia ya watu wanane iliweza kuanza maisha mapya ikiwa na deni la maelfu ya dola. Wengi waliulipa kwa mshahara wa kazi za usiku katika maghala na viwanda vya nyama. Mwami wa Heru asingeshangazwa na utaratibu huo. Pengine angeuliza tu ni milango mingapi imebaki.

Waliobaki walibaki katika masafa yao. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na watu wakarudishwa Burundi. Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, walivuka tena, baadhi yao wakiwa wale wale. Maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, kisichokuwa na barabara, na kipindupindu kikaingia. Meli iliyotumwa kuwachukua ilikuwa Liemba, ambayo umri wake majini ulikuwa umetimia miaka 100. Kwa mwendo wake wa kikongwe ilikwenda Kigoma na kurudi, safari baada ya safari, ikibeba mamia kila mara, na kutoka Kigoma mabasi yakawapandisha Nyarugusu. Nduta ikafunguliwa upya mwaka huo huo, na Mtendeli mwaka uliofuata. Mtendeli ilifungwa tena 2021.

Nayo njia ya juu imefungwa na kufunguliwa kama mlango wa upepo. Januari 2017 amri ya rais mpya wa Marekani iliwakuta watu wakiwa wamekwisha kugawa masufuria yao kwa majirani. Januari 2025 mpango wote wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri nyingine, na tiketi zilizokwisha kukatwa zikafutwa. Kilomita 12,550 hazikuongezeka hata moja. Wakati huo huo chini ardhini mambo yalikuwa yakisogea: lami ilikuwa ikiwekwa kutoka Manyovu kupitia Kasulu na Kibondo hadi Kabingo, Malagarasi ilikuwa na daraja la zege tangu 2015 katika njia ya Uvinza na Kaliua, na mwaka 2024 treni mpya ya umeme ilianza kwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Reli yake inatarajiwa kufika Kigoma, na tawi moja kuingia Burundi kutoka Uvinza. 

Majira ya kiangazi cha kule, Louisville iko nyuma ya Kasulu kwa saa saba. Saa moja ya usiku, wakati moshi wa jikoni unapolala juu ya mabati ya Nyarugusu na mwenye simu anapopanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, huko ni saa sita mchana, na mtoto wake yuko kwenye mapumziko ya chakula ghalani, ana dakika 30. Huulizana kwanza habari za mvua.